Msokoto wa mtutu hauponywi kwa baruti

Swali limerudi tena, safari hii kwa adabu nyingi: "Fundi, bunduki yangu ya .223 ina mtutu wa 1:12. Vichwa vya risasi vya greni 69 vinatawanyika kwenye shabaha, vingine vinatoboa karatasi kwa ubavu. Niongeze baruti kiasi gani ili vitulie?"

Usiongeze hata chembe. Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi, na kila anayeuliza huondoka akiamini kwamba fundi anamnyima siri. Basi leo nitalijibu kwa hesabu.

Hoja ya wenye kuongeza baruti inapendeza masikioni. Mtutu wa 1:12 hukizungusha kichwa mara moja katika kila inchi 12. Kikitoka kwa kasi zaidi, kitazunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kitatulia. Sehemu mbili za mwanzo ni kweli tupu. Ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Hewa inayokikabili kichwa kwa mbele hutaka kukipindua, na nguvu hiyo haikai ilipo ikisubiri uongeze baruti. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kupindua inakuwa mara nne. Mzunguko ukiwa mara mbili, ukaidi wa kichwa dhidi ya kupinduliwa nao unakuwa mara nne. Faida yote imeliwa na hasara, na umebaki na vumbi tu.

Vumbi hilo linapimika. Walenga shabaha wa Marekani hutumia sana kanuni ya Don Miller, ambayo hutoa namba moja ya utulivu. Chini ya 1, kichwa kinapinduka. Ukitaka amani, tafuta 1.4 kwenda juu. Chukua kichwa cha mashindano cha greni 69, chenye urefu wa takriban milimita 23, kipige kwa mita 850 kwa sekunde kutoka mtutu wa 1:12: unapata 0.93 hivi. Ndiyo maana karatasi yako ina matundu yenye umbo la tundu la ufunguo. Sasa ongeza mwendo kwa asilimia 10, jambo ambalo kwa ganda la .223 lililokwishajazwa hadi kiwango cha juu ni ukichaa. Namba inapanda kwa asilimia 3 tu, kwa kuwa katika kanuni hiyo mwendo huingia kwa kipeuo cha tatu. Kuifikisha 1.4 kwa baruti peke yake kungehitaji mwendo wa karibu mara tatu na nusu, yaani mita 2,900 kwa sekunde. Bunduki itakuwa imekwishapasuka zamani, na aliyeishika pamoja nayo.

Badilisha mtutu uwe 1:9, baruti ibaki ileile. Namba inaruka hadi 1.65. Msokoto huingia katika hesabu kwa mraba: 12 kwa 9, zidisha kwa yenyewe. Hiyo ndiyo dawa, na haiuzwi kwenye kopo la baruti.

Wanaoelewa hapo huibuka na swali la pili, nalo ni bovu vilevile: "Basi 1:9 inabeba greni ngapi?" Greni hazihusiki, au zinahusika kwa kupitia mlango wa nyuma tu. Kinachodai msokoto ni urefu wa kichwa. Chonga pia mbili, moja fupi nene na nyingine ndefu nyembamba, uzizungushe: ile ndefu itadai mkono wenye nguvu zaidi ili isianguke. Vichwa vya kawaida vya moyo wa risasi (madini) vya kipenyo kimoja huwa virefu kadiri vinavyokuwa vizito, na hapo ndipo mazoea ya kuhesabu greni yalipozaliwa. Lakini siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 62 ni kirefu kuliko cha moyo wa risasi cha greni hizohizo. Anayenunua kwa kusoma greni tu atalaumu fundi bila sababu.

Wakubwa nao wamewahi kuumia. Mwaka 1955 Marekani zilitoka risasi mbili za milimita 6: .243 Winchester yenye mtutu wa 1:10, na .244 Remington yenye 1:12. Remington waliwafikiria wapigaji wa wanyama wadogo wanaotumia vichwa vyepesi. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya wadogo na paa, wakataka vichwa vya greni 100, na 1:12 ikashindwa kuvituliza kwa uhakika. Mwaka 1963 Remington waliibatiza upya kuwa 6mm Remington, yenye 1:9. Soko lilikuwa limekwishahama.

Jeshi la Marekani nalo lilianza AR-15 kwa 1:14. Hewa ya baridi kali ni nzito na hupindua kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mwaka 1963 msokoto ukawa 1:12. Toleo la baadaye, M16A2, likaja na 1:7, na wengi hudhani kwamba ni kwa ajili ya kichwa cha kawaida cha greni 62. Hicho kingetosheka na 1:9. Aliyedai 1:7 ni ndugu yake wa kuonyesha njia kwa moto, ambaye ni mrefu kupita kiasi. Basi usiige msokoto wa jeshi kama hupigi risasi za jeshi.

Hewa hufanya kazi hiyohiyo hata kwetu. Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa nyembamba hukuongezea zaidi ya asilimia 15 ya utulivu ukilinganisha na usawa wa bahari. Bunduki inayopona kwa bahati huko juu inaweza kuadhirika Mombasa.

Haya, uchaguzi. Kwa .223: vichwa vya greni 40 hadi 55 peke yake, 1:12 inatosha. Mchanganyiko hadi greni 69, 1:9. Vichwa virefu vya greni 75 na 77, au vya shaba, 1:8, na kama huna hakika chukua hiyohiyo 1:8. 1:7 ni kwa virefu zaidi. Humo jihadhari na vichwa vyepesi vya ganda jembamba, kwani kwa mita 1,000 kwa sekunde vinazunguka zaidi ya mara 330,000 kwa dakika na vingine hupasukia hewani. .22 LR ina 1:16, iache. Kwa makadirio ya haraka ya vichwa vya moyo wa risasi, tumia kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879: 150 zidisha kipenyo, zidisha tena kipenyo, gawanya kwa urefu, vyote kwa inchi. Greni 69 inakupa 1:8.4; kanuni hii ni ya mwoga, ndiyo maana 1:9 bado inafanya kazi.

Usiamini muhuri ulio juu ya mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu ndani, funga kitambaa chenye kubana kwenye ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, weka alama, sukuma hadi alama izunguke mara moja, pima umbali. Muhuri ukisema 9 na ufito ukasema 9 na robo, usimrudishie muuzaji. Hiyo ni kawaida.