Rangi Ikibanduka, Dipoziti ya Mpangaji Isiguswe

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka, na chumvi hutoka nao. Ukishapigwa plasta ya simiti na kupakwa rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia. Masika yakipita, rangi huvimba malengelenge, ikabanduka vipande vipande na kuacha unga mweupe sakafuni. Mpangaji hana mkono katika hilo, lakini siku ya kuhama yeye ndiye anayetozwa.

Kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo na Tudor, mtindo ni ule ule. Anayeingia hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja, pengine miwili. Anapotoka, mwenye nyumba hupita chumba kwa chumba: hapa rangi, hapa kitasa, pale sinki. Dipoziti ya shilingi 15,000 ikishakatwa fundi wa rangi, huenda ikabaki ya kumlipa mwenye mkokoteni tu. Risiti ya fundi haionyeshwi. Mimi nasema kitasa ulichokivunja ukilipe, lakini uchakavu wa kawaida ni gharama ya mwenye mali. Kodi ya kila mwezi alikuwa akiipokea ya nini?

Sheria nayo imezeeka. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyoanza mwaka 1959, hulinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kisiwani leo ni shida kupata hata chumba kimoja kwa bei hiyo. Aliye juu ya hapo hutegemea mkataba wake, na wengi mkataba wao ni maneno ya mlangoni na meseji ya M-Pesa. Uingereza, tangu Aprili 2007, dipoziti ya mpangaji lazima iwekwe chini ya mpango ulioidhinishwa na serikali. Mwenye nyumba asipofanya hivyo ndani ya siku 30, mahakama yaweza kumtoza hadi mara tatu ya pesa zenyewe. Sioni kwa nini sisi tusiwe na kinga kama hiyo.

Mji wa Kale una tatizo jingine. Nyumba nyingi ni za urithi. Mzee aliyepokea dipoziti amefariki, mrithi mmoja yuko Maskati, mwingine London, na ajenti anasema yeye hakupewa chochote. Hapo mpangaji asikate tamaa. Dipoziti ni deni la marehemu, na katika mirathi ya Kiislamu madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana. Familia zinazojua dini yao hazihitaji kusukumwa katika hili.

Wapangaji wengine wamejitafutia dawa: mwezi wa mwisho hawalipi, dipoziti ijilipe yenyewe. Nawaelewa, ila mkataba ukikataza hilo, wao ndio watakaoonekana wakosaji. Afadhali Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mombasa ipo.

Lakini mahakama hutaka ushahidi, na ushahidi huo huanza siku ya kuingia. Piga picha kuta zote, hasa chini karibu na sakafu ambako unyevu hupanda, uzitume kwa mwenye nyumba au ajenti wake siku hiyo hiyo. Dipoziti uilipe kwa njia inayoacha alama, na risiti iandikwe “dipoziti”, isichanganywe na kodi. Kisha, kabla hujatia sahihi, omba mstari mmoja uongezwe kwenye mkataba: rangi itakayobanduka kwa unyevu na chumvi si juu ya mpangaji.