Nani Yumo Ndani ya Ngome? Mandhari na Wahusika katika Masimulizi ya Kuzingirwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, nianze na insha moja niliyowahi kuisahihisha. Mwandishi wake, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, alisimulia juu ya ngome ya chama cha siri iliyojengwa juu ya milima yenye theluji. Mashujaa waliovaa mavazi ya chuma walizingirwa mwaka mzima. Lugha yake ilikuwa safi na methali zilikaa mahali pake. Hata hivyo, katika mwaka huo mzima hakuna aliyeona njaa, hakuna aliyeuliza habari ya maji, na hakuna hata mmoja aliyemshuku mwenzake. Waliokuwa ndani walikuwa wema wote, na waliokuwa nje waovu wote.

Sikumlaumu kwa kuvuka bahari kutafuta kisa. Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate, na nakala yake ya kale ina tarehe ya 1728. Utenzi huo unasimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Mashariki, na Mfalme Herekali akiwa adui mkuu. Vita hivyo ni vya mbali kwa mahali na kwa wakati, na mengi yake ni ubunifu. Kutunga ya mbali basi si kosa. Tatizo la insha ile lilikuwa kwamba ngome yake haikuwa na kazi yoyote. Ungeliondoa boma lote, ukawaweka mashujaa wale sokoni, na kisa kisingebadilika.

Ajabu ni kwamba kutoka kwao hadi Ngome ya Yesu ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mnamo 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Hata hicho chama alichokitafuta kwenye theluji kina jamaa yake hapa. Wareno walisafiri chini ya msalaba wa Chama cha Kristo, kilichoundwa Ureno mnamo 1319 na kurithi mali ya mashujaa wa Templar waliokuwa wamevunjwa. Chama hicho hakikuwa cha siri, lakini kwa mtunzi anayependa misalaba na viapo, malighafi ipo.

Tukitazame sasa kisa chenyewe. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yalifika Mombasa, yakautwaa mji na kuizingira ngome. Ndani walikuwamo askari Wareno wasiofika mia moja, pamoja na mamia ya watu wa pwani. Msaada ulitegemea pepo: kutoka Goa merikebu huja na kaskazi, na kutoka Msumbiji huja na kusi. Siku ya Krismasi ya 1696 msaada ulifika kutoka Goa. Baada ya hapo yakazuka maradhi, yakaua wengi kuliko mizinga ilivyoua. Mwezi wa Septemba 1697 msaada mwingine ulikuja. Mojawapo ya merikebu zake, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome Oktoba mwaka huo huo, na vitu vilivyoopolewa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980 vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Oman ikipepea juu ya boma, zikageuza.

Hapo mtahiniwa ataandika upesi kwamba hicho ni kinaya, na atakuwa amesema kweli. Lakini asiishie hapo. Mtahini anataka kujua kinaya hicho kimejengwaje. Kimejengwa na mandhari. Ukuta unaomzuia adui asiingie ndio huohuo unaomzuia mlinzi asitoke. Bahari inayoleta chakula ndiyo inayoleta adui, na huenda ndiyo iliyoleta maradhi. Msimu wa pepo unageuka saa ya kisa: kila upepo unapobadilika, msomaji hutupa jicho baharini pamoja na wahusika. Hiyo ndiyo taharuki. Haihitaji upanga kila ukurasa. Katika hadithi ya kuzingirwa kitendo kikubwa ni kungoja, na mtunzi hupimwa kwa namna anavyotuonyesha watu wanaongoja. Nani anagawa maji? Nani amepunguziwa kibaba? Nani ameanza kusema peke yake usiku?

Nije kwa wahusika, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mtahiniwa aliyezoea kugawa wahusika katika wageni waovu na wenyeji wema atakwama katika kisa hiki. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni na askari wake walikuwa wamekwisha kufa. Aliyeishika ngome, kabla msaada wa Septemba haujafika, ni Bwana Daud, mtu wa ukoo wa watawala wa Faza, pamoja na jamaa zake na kundi la Waafrika, wanawake kwa wanaume. Yaani kwa muda fulani ngome ya Wareno ililindwa bila Mreno, na waliosimama ukutani walikuwa Waswahili na Waafrika wengine, huku nje wakiwa Waarabu pamoja na watu wengine wa pwani hii hii.

Sasa ongeza jambo moja. Mnamo 1587 Wareno waliiangamiza Faza, wakawaua watu wake na kuikata minazi yake. Baada ya miaka mia na kumi hivi, mtu wa Faza anaishikia Ureno ngome yake. Je, ni msaliti? Wanafunzi wangu wengi hujibu ndiyo kabla sijamaliza swali. Mimi huwaomba wafungue ramani ya kisiwa cha Pate. Faza na Pate ni miji ya kisiwa kimoja, na uhasama wao ulikuwa wa muda mrefu. Kwa mtu wa Faza, adui wa karibu alikuwa jirani, na Mreno alikuwa silaha dhidi ya jirani huyo. Hatulazimiki kumpenda Bwana Daud. Tunalazimika kumwona kama mhusika duara, mwenye sababu zake na jeraha lake, na kumpa sifa ya “msaliti” bila kueleza sababu hizo ni kumfanya bapa kwa nguvu.

Swali la pili ni la nafsi inayosimulia. Mfano mzuri ni Al-Akida, kamanda aliyemwasi Sultani wa Zanzibar akajifungia katika ngome hii hii, hata Januari 1875 manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga. Kisa hicho kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud Mazrui. Jina la ukoo huo usilipite haraka. Wamazrui ndio waliotawala Mombasa hadi 1837, walipoangushwa na Sayyid Said. Kabla ya kuandika kwamba mtunzi “anasifu ushujaa” au “analaani uasi”, jiulize yeye mwenyewe alikuwa na deni gani na kuta zile.

Neno “gereza” nalo huwafurahisha sana wanafunzi. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na kwa watu wa Mombasa ya zamani gereza lilikuwa ngome yenyewe. Waingereza wakaja kuigeuza jela halisi kuanzia 1895 hadi 1958, kana kwamba historia ilikuwa ikifuata kamusi.

Darasani nimeona zoezi hili likifaa. Wape wanafunzi usiku mmoja tu wa Agosti 1697. Nusu ya darasa waandike kwa sauti ya mwanamke aliye zamu juu ya ukuta, nusu kwa sauti ya askari wa Oman aliye handakini chini yake, mwenye homa, ambaye naye hajaona kwao kwa mwaka na zaidi. Wakataze kutumia neno “shujaa” na neno “adui”. Kisha wabadilishane daftari.

Yule mwanafunzi wa theluji alilifanya zoezi hilo pia. Alichagua sauti ya mwanamke. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya mtu anayegonga mitungi kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza ni upi bado una maji.