Maji Tumekalia, Wa Kuyapima Tunawaazima

Na Mwandishi Wetu, Marekani

Zamani kidogo, tulipokuwa bado tunaandika khabari nyumbani Unguja, tulipelekwa na mhariri kwenye kijiji kimoja cha upande wa maweni. Kisima cha kijiji kile kilikuwa kimegeuka. Wazee walitwambia kwamba walikunywa maji yake tangu utotoni na yalikuwa matamu, lakini mwaka ule chai ilikuwa haiivi vizuri na sabuni haitoi povu. Mama mmoja alitutekea kikombe, tukaonja. Yalikuwa na chumvi.

Tukarudi mjini kutafuta jibu. Katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, tuliuliza swali dogo tu: mwaka jana maji ya kisima kile yalipimwa yakawa na chumvi kiasi gani? Bwana tuliyemkuta alikuwa mstaarabu, akatukaribisha kiti, akafungua kabati, akafunga. Faili hamna. Aliyekuwa akipima alikuja na mradi wa wafadhili, mradi umekwisha, mtu kaondoka, na vipimo kaondoka navyo. Tuliandika khabari yetu bila ya hata tarakimu moja. Mwaka haukupita, na sisi wenyewe, kwa sababu nyengine kabisa, tukawa tumefungasha mizigo.

Leo tunakaa Marekani na swali lile bado tunalo. Ndiyo maana tulipoanza kusoma namna serikali ya huku inavyolipia utafiti wa maji na mafunzo ya wanasayansi wake, tulisoma kwa jicho la mtu aliyeona kabati tupu. Tunawaletea wasomaji wetu tulichokipata, wenye kuona tumekosea watuambie.

SHERIA YA MWAKA 1964

Tarehe 17 Julai 1964, miezi sita tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini Sheria ya Utafiti wa Rasilimali za Maji. Aliyeibeba katika Baraza la Senate alikuwa Clinton Anderson wa New Mexico, jimbo la ukame ambalo mtu hahitaji kuelezwa thamani ya tone.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kufahamika. Kila jimbo litakuwa na taasisi moja ya utafiti wa maji, na taasisi hiyo itakaa ndani ya chuo kikuu. Serikali kuu itaipa kila taasisi fungu lililo sawa, jimbo kubwa na dogo: dola 75,000 mwaka wa kwanza, dola 87,500 kwa kila mwaka katika miwili iliyofuata, kisha dola 100,000 kila mwaka. Kazi ni mbili, na zote zimeandikwa kwenye sheria: kufanya utafiti, na kusomesha wanasayansi kwa njia ya utafiti huo huo.

Hiyo kazi ya pili ndiyo tunayotaka msomaji aitie maanani. Pesa haikutolewa kununua ripoti. Ilitolewa ili profesa apate ruzuku ndogo, amchukue kijana wa chuo, amlipe posho, na kijana yule ashinde mtoni na kwenye visima akipima kwa mikono yake. Ripoti ikitoka, na mtaalamu naye ametoka. Kesho kijana huyo ndiye anayeajiriwa na mamlaka ya maji ya mji wake.

Taasisi hizi leo ni 54: moja kwa kila jimbo katika majimbo 50, na nne za Washington, Puerto Rico, Visiwa vya Virgin na Guam. Zinasimamiwa na Idara ya Jiolojia ya serikali kuu, ijulikanayo kwa herufi USGS.

REAGAN ALIKATAA, BUNGE LIKAMKATALIA

Msomaji asidhani kwamba mambo yamekwenda kama maji ya mfereji. Mwaka 1982 serikali ya Ronald Reagan ilifuta ofisi iliyokuwa ikisimamia programu hii. Mwaka 1984 Bunge lilipopitisha sheria mpya ya kuiendeleza, Reagan aliikataa kwa kura yake ya turufu. Hoja yake ilikuwa kwamba taasisi zimeshasimama, sasa majimbo yazilipie yenyewe. Bunge, kwa zaidi ya theluthi mbili katika mabaraza yote mawili, likaipitisha juu ya kichwa chake mwezi Machi mwaka huo huo. Kwa nini wabunge wa chama chake mwenyewe walimuacha mkono? Sisi tunaona jibu lipo katika lile fungu sawa. Kila mbunge alikuwa na taasisi jimboni kwake na wanafunzi wake anaowajua, na alijua kura hiyo angeulizwa akirudi nyumbani.

Lakini Bunge nalo liliweka sharti. Kila taasisi ilitakiwa kutia pesa zake juu ya zile za Washington, na kwa miaka mingi sharti lilikuwa dola mbili za nyumbani kwa dola moja ya serikali kuu. Mwaka 2021 sheria ya miundombinu ikalegeza, ikawa moja kwa moja. Pesa zenyewe si nyingi kama mtu anavyofikiri akisikia neno Marekani. Kwa miaka kadhaa ya muongo wa 2010 programu nzima ilipewa kama dola milioni 6.5 kwa mwaka. Zigawanye kwa taasisi 54 uone: hazifiki dola 125,000 kwa kila moja. Zipo nyumba moja moja huku zinazouzwa kwa zaidi ya hapo.

Na hata hizo zimetakiwa kukatwa. Bajeti ya mwaka wa fedha 2018 iliyopelekwa na Rais Donald Trump ilipendekeza programu isipewe kitu. Bunge likazirejesha. Kwa hivyo vita vya 1984 havikuwa vya mwisho, na funzo ni kwamba pesa ya utafiti haijilindi yenyewe. Hulindwa na watu wanaojua inawafaa nini.

GUAM, NDUGU YETU TUSIYEMJUA

Kati ya taasisi zote 54 iliyotushika mkono ni ya Guam. Guam ni kisiwa katika Bahari ya Pasifiki, kilichochukuliwa na Marekani kutoka kwa Wahispania mwaka 1898. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 540, yaani chini ya theluthi moja ya Unguja. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta 153,836. Kusini kuna milima ya mawe ya volkeno, na kaskazini ni jiwe la matumbawe, maweni matupu. Na humo ndani ya maweni ya kaskazini ndimo kinamotoka sehemu kubwa ya maji yao ya kunywa.

Hapa inafaa tueleze maji ya kisiwa yanavyokaa, maana wengi tumeteka visima maisha yetu yote bila ya kuambiwa. Mvua ikinyesha juu ya jiwe lenye matundu, maji hushuka chini mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi huelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Lakini huelea kama jahazi lililopakia: sehemu ndogo inaonekana juu na kubwa imezama. Kanuni iliyogunduliwa na Mholanzi mmoja na Mjerumani mmoja, kila mtu kwa upande wake, zaidi ya miaka mia iliyopita, inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Ukiyavuta maji kwa pampu mpaka usawa wake ushuke mita moja, mpaka wa chumvi chini, kadiri siku zinavyokwenda, unaweza kupanda mita 40. Macho hayaoni. Ndoo inaendelea kujaa, pampu inaendelea kunguruma, mpaka siku moja chai haiivi. Na chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa kuomba. Huchukua muda mrefu wa mvua na wa kuacha kuteka.

Guam walilijua hilo. Chuo Kikuu cha Guam kina taasisi ya utafiti wa maji tangu mwaka 1975. Mwaka 1998 baraza la kutunga sheria la kisiwa, si Washington, lilipitisha sheria za kulipia uchunguzi wa kudumu wa maji ya ardhini. Visima vya kuchungulia vikawekwa, visivyotekwa maji, kazi yake kupima tu usawa na chumvi, mwaka hadi mwaka. Wanafunzi wa chuo wakasomeshwa kwenye vipimo hivyo. Anayetaka kuchimba kisima kipya leo anakuta ramani, na anakuta mtu wa kumuuliza. Pesa ya Washington ilikuwa mbegu, na wenyewe wakaimwagilia.

NA SISI JE?

Zanzibar haina mto wa kutegemea. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliufikishia mji maji kutoka chemchem za Bububu, na wazee wetu wakanywa. Wakati huo watu walikuwa wachache. Sensa ya 2022 imetuhisabu Unguja na Pemba watu 1,889,773, na bado tegemeo letu ni lile lile: chemchem, mapango na visima. Juu yake imekuja mikahawa na mahoteli. Mwaka 2012 jumuiya ya Tourism Concern ya Uingereza ilitoa ripoti iliyosema kwamba katika vijiji vya utalii Zanzibar, mtalii mmoja anatumia maji mara 16 ya mwenyeji. Tarakimu hiyo ilisambaa dunia nzima. Sisi hatukushtushwa na tarakimu peke yake. Kilichotuuma ni kwamba waliotuhisabia ndoo zetu walitoka London.

Hatusemi hakukufanywa kitu. Kulikuwa na mipango ya maji ya wafadhili, Wafini wakiwa mbele, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Baada ya mgogoro wa uchaguzi wa 1995 wafadhili wengi wakazuia misaada yao Visiwani. Mwaka 2006 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Maji, ZAWA. Chuo Kikuu cha Taifa kimo kazini tangu 2001. Bara kuna Chuo cha Maji pale Ubungo, na mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza, pamoja na kile cha Zimbabwe, shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji. Vijana wetu wengi wamepita pia Delft, Uholanzi. Lakini angalia mlipaji ni nani. Mara nyingi ni Mholanzi, Mfini, Msweden au Benki ya Dunia. Mgeni akinuna, kalamu inasimama. Na kipimo cha maji ya ardhini kikikatika miaka mitano, hakiungiki tena. Huwezi kurudi nyuma ukaipime mvua ya mwaka juzi.

Serikali zetu zinajua kuahidi. Mwaka 1980 katika Mpango wa Lagos viongozi wa Afrika walisema nchi zitenge asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti wa sayansi, na Umoja wa Afrika ukairejea ahadi hiyo miaka ya 2000. Kenya mwaka 2013 iliandika kwenye sheria asilimia 2. Ahadi na mfuko, hata hivyo, hazijakutana.

Kenya hiyo hiyo ilitupa funzo jengine. Mwezi Septemba 2013 dunia ilitangaziwa kwamba satelaiti zimegundua ziwa la maji chini ya ardhi ya Turkana, huko Lotikipi, la kutosha nchi kwa miaka mingi. Watu wakashangilia. Visima vya majaribio vilipochimbwa, maji yakakutwa na chumvi isiyonyweka. Satelaiti haionji. Anayeonja ni mtaalamu aliyekaa na kisima miaka.

RAI YETU

Tunayoyataka si makubwa. La kwanza, iwepo sheria, si mradi, inayotaja fungu la kila mwaka la kupima maji na kusomesha wapimaji, nalo likae chuoni, si mfukoni mwa wizara. La pili, sehemu ya pesa hiyo itoke kwa wanaokunywa zaidi, na mahoteli yanajulikana yalipo. La tatu, vipimo viwe wazi, ili mwandishi kijana akiuliza chumvi ya mwaka jana asifunguliwe kabati tupu.

Na sisi tulio nje tusijitoe. Kila mwezi tunatuma pesa nyumbani, na nyengine zinachimba visima kwa nia njema kabisa ya sadaka. Kila kisima kinachochimbwa bila ya vipimo ni mrija mwengine kwenye kikombe kile kile. Tukichanga kisima, tuchange na posho ya mwanafunzi mmoja wa kukipima.

Yule mama wa kijiji cha maweni alituuliza swali wakati tunaondoka. "Wanangu, haya maji yatarudi?" Tulimwambia tutamletea jibu. Hatujamletea, na mpaka leo tunaona aibu.