Safari ya Parachichi

Chukua parachichi lililokomaa, lakini ambalo lingali gumu. Liweke mezani. Baada ya siku chache libonyeze polepole kwa kidole. Utaona kwamba limelainika. Sasa nenda kwenye mparachichi ulikolichuma. Matunda yaliyobaki mtini yangali magumu. Je, kwa nini tunda lililochumwa limeiva, na yale yaliyo mtini hayajaiva?

Kukomaa na kuiva

Maneno haya mawili hayana maana moja. Tunda hukomaa linapokuwa limekua na kuweka akiba ya kutosha ndani yake. Tunda huiva linapolainika na kufaa kuliwa. Parachichi hukomaa likiwa mtini, lakini haliivi mpaka litengwe na mti wake. Kadiri linavyokomaa, maji yaliyomo hupungua na mafuta huongezeka. Parachichi lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi vizuri. Ngozi yake husinyaa, na nyama yake huwa kama mpira.

Tunda huishi baada ya kuchumwa

Usidhani kwamba tunda lililochumwa limekufa. Tunda hilo hupumua. Huvuta oksijeni, na hutoa kabonidayoksaidi pamoja na joto. Kwa kuwa haliletewi tena maji na chakula kutoka mtini, hutumia akiba yake. Vilevile hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva. Tunda lililochubuka hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi, nayo huyaivisha mapema matunda yaliyo karibu. Wahenga walisema, “Samaki mmoja akioza, wote wameoza.” Methali hiyo yafaa pia kwa sanduku la matunda.

Mahali penye joto tunda hupumua upesi. Mahali penye baridi hupumua polepole, na kuiva huchelewa. Lakini baridi ikizidi mno huliumiza tunda, na nyama yake hugeuka rangi.

Jaribio

Chuma maparachichi mawili yaliyokomaa, yenye ukubwa sawa, kutoka mti mmoja, siku moja. Funga moja katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Funga la pili peke yake katika mfuko mwingine, uliweke mbali na la kwanza. Yabonyeze polepole kila siku na uandike unayoyaona. Lipi limelainika kwanza? Kumbuka kwamba ndizi mbivu nayo hutoa ethilini.

Kutoka shambani hadi ng'ambo

Katika nchi yetu maparachichi hulimwa sana katika nyanda za juu, kama vile Njombe na Rungwe. Wakulima wengi wanaouza ng'ambo hupanda aina iitwayo Hass. Ngozi yake ni nene, nayo hugeuka kutoka kijani kuwa nyeusi tunda linapoiva.

Safari ya meli hadi Ulaya huchukua majuma kadhaa. Tunda likiiva baharini, halitauzika. Kwa hiyo kila kazi hufanywa kwa uangalifu. Mkulima hautikisi mti. Hukata kila tunda kwa mkasi na kuliachia kikonyo kifupi, ili vijidudu visipate mlango wa kuingilia. Huyaweka matunda kivulini, wala hayatupi. Kisha matunda huchaguliwa, huwekwa katika chumba cha baridi, na husafirishwa katika makontena yenye mitambo ya baridi. Aina ya Hass husafirishwa kwa joto la nyuzi 5 hivi za Sentigredi.

Mnunuzi hujuaje kwamba tunda limekomaa, na hali kwa nje bado ni gumu? Hupima gramu 100 za nyama ya tunda, huikata vipande vyembamba, na kuikausha mpaka uzito wake usipungue tena. Kwa kawaida wanunuzi wa Ulaya hutaka Hass libakize gramu 21 au zaidi. Likibakiza chini ya hapo, hukataliwa.

Fikiri juu ya mkulima anayechuma mapema kwa sababu ana haja ya fedha. Mparachichi uliobebeshwa humchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa. Mzigo ukikataliwa, taabu yote hiyo hupotea. Tena mara nyingi kontena moja hubeba matunda ya wakulima wengi. Kosa la mmoja laweza kuwatia hasara jirani zake wote. Mkulima anayeelewa maisha ya tunda hungoja wakati wake, akalinda jasho lake na la wenzake.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya tunda lililokomaa na tunda lililoiva?
2. Kwa nini tunda lililochubuka lisiwekwe pamoja na matunda mazima?
3. Baridi husaidiaje parachichi kufika mbali? Yaweza kudhuru vipi?
4. Gramu 100 za nyama ya parachichi aina ya Hass zilikaushwa, zikabaki gramu 18. Je, tunda hilo lingekubaliwa Ulaya? Eleza.