Si Kila Seli Dhibiti Hudhibiti

Majibu ya maabara yakisema mgonjwa ana seli T dhibiti za kutosha, bado hayajasema jambo kubwa. Seli hizi, ambazo kwa mtu mzima ni takriban 5 hadi 10 katika kila seli T 100 zenye protini ya CD4, ndizo huizuia kinga ya mwili isimgeukie mwenyewe. Lakini iliyotoka juzi katika tezi ya thimasi na iliyokwisha kuitwa kazini hazifanani kwa uwezo, na baadhi ya zile zinazohesabiwa kuwa dhibiti hazidhibiti chochote.

Thimasi iko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Huko ndiko seli T hufundwa baada ya kutoka kwenye uboho. Inayong'ang'ania mno protini za mwili wenyewe kwa kawaida huuawa humohumo. Chache huachwa hai, zikawasha jeni ya FOXP3 na kugeuka kuwa watuliza ghasia. Wavulana wanaozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo, iliyo kwenye kromosomu X, hupata ugonjwa uitwao IPEX: kuhara kusikokoma, ukurutu, na kisukari wakiwa bado wachanga. Kuigundua jeni hii kuliwapa Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025, pamoja na Mjapani Shimon Sakaguchi, ambaye mwaka 1995 alizitambulisha seli zenyewe katika panya.

Panya, hata hivyo, alituzoesha urahisi usiokuwapo kwa binadamu. Kwake, seli yenye FOXP3 ni dhibiti, basi. Kwetu, hata seli T ya kawaida ikichokozwa huweza kuiwasha FOXP3 kwa muda, kisha ikaizima. Ndiyo sababu mwaka 2009 Makoto Miyara, Sakaguchi na wenzao walitumia alama mbili kwa pamoja: wingi wa FOXP3, na kuwapo kwa CD45RA, protini ya juu ya seli ambayo seli T changa huwa nayo. Wakapata makundi matatu.

La kwanza ni changa: zina CD45RA, na FOXP3 yake ni ya kiasi. Ni kama makurutu waliohitimu lakini hawajapelekwa popote. Zikiamshwa hugawanyika kwa wingi, FOXP3 hupanda, CD45RA hutoweka, nazo huingia kundi la pili, la seli pevu.

Hizi pevu ndizo zenye makali. Zimejaa CTLA-4, protini inayozinyofoa CD80 na CD86, protini za kichocheo, kutoka kwenye seli zinazowasilisha vipande vya vijidudu. Seli T ya kawaida ikifika hapo haipati kichocheo cha pili inachokihitaji, na haiamki ipasavyo. Tena seli pevu hufyonza interleukini-2, kemikali ambayo jirani zake wanaihitaji ili waongezeke. Ila makali hayo yana bei: seli pevu hufa upesi. Akiba imebaki kwa zile changa.

Kundi la tatu ndilo huwaponza wanaohesabu. Lina FOXP3 ya kiasi kama changa, lakini halina CD45RA, na badala ya kuzuia, hutoa kemikali za kuchochea uvimbe kama interferoni-gama. Ukihesabu FOXP3 peke yake, umeliingiza ndani.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao lupus yao imepamba moto, seli pevu zilipungua huku changa zikiongezeka. Kwa wenye ugonjwa wa sakoidosisi, pevu ndizo zilizojaa. Jumla peke yake ingezificha picha hizo mbili.

Umri nao hubadilisha mchanganyiko. Katika damu ya kitovu karibu zote ni changa. Kadiri miaka inavyokwenda thimasi hunywea na kujaa mafuta, changa hupungua, pevu zikatawala. Mzee huzipata wapi hizo pevu, basi? Mwaka 2006 watafiti wa London, akiwamo Arne Akbar, waliwapa watu glukosi iliyowekewa alama na kukuta kwamba seli dhibiti pevu huongezeka maradufu kwa takriban siku 8, kasi kubwa kuliko ya seli T nyingine. Telomia zake, vile vikinga vya ncha za kromosomu, zilikuwa fupi. Walihitimisha kwamba nyingi huzaliwa kutokana na seli T za kumbukumbu, si kutoka thimasi.

Kwa matabibu wanaotaka kukuza seli hizi ili wazuie mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, hatua ya ukuaji ni suala la usalama. Petra Hoffmann na wenzake wa Regensburg, Ujerumani, walionyesha mwaka huohuo wa 2006 kwamba zikikuzwa maabara kwa muda, changa huendelea kuishika FOXP3, ilhali nyingi za zile pevu huipoteza. Nani atataka kumrudishia mgonjwa seli iliyosahau kazi yake?

Tatizo ni kwamba mtu mzima hana changa nyingi za kuchuja. Madrid, katika hospitali ya Gregorio Marañón, wamekwenda kwenye chanzo chenyewe. Daktari anayempasua mtoto moyo mara nyingi hulazimika kuikata thimasi ili apate nafasi, na kwa kawaida tishu hiyo hutupwa. Wao huichukua, huzitoa seli dhibiti ambazo hazijawahi kuitwa kazini, huzikuza, kisha humrudishia mtoto yuleyule aliyepandikizwa moyo.