Kisangani: pikipiki inaongezewa mzigo, breki zinabaki zile zile

Pikipiki mpya ikiingia Kisangani, haikai siku nyingi namna ilivyotoka kiwandani. Mwenye kuinunua anaipeleka kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Kiti kinarefushwa, nyuma kunawekwa chuma kikubwa cha kubebea mizigo, mbele vyuma vya kulinda miguu. Inaandikwa jina, inapakwa rangi, na kesho yake inaanza kutafuta franga.

Kubadilisha mashine si jambo jipya katika mji huu. Wakubwa wanakumbuka vizuri toleka, kinga za kubeba watu, ambazo jina lao linatoka katika Lingala: tupite, twende. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, njia ya mto kwenda Kinshasa ilikatika, mafuta yakawa shida, na magari yakabaki machache. Kinga njo ilibeba mji: mama anayeenda soko, mgonjwa anayepelekwa hospitali, magunia ya makala. Lakini kinga hiyo ilitengenezwa kwa mtu mmoja. Basi mafundi wakaweka mto wa sponji nyuma, vyuma vya abiria kukanyagia, na fito za chuma za kukaza uma wa mbele. Vita ilipoisha na barabara ya taifa namba 4 ya kwenda Beni ikatengenezwa, pikipiki zikaongezeka, na ufundi ule ule ukahamia kwao.

Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini una sheria moja inayosahaulika: ukiongeza mzigo, uongeze na nguvu ya kuusimamisha.

Pikipiki ndogo ya 125 cc imetengenezwa kwa watu wawili na mzigo kidogo. Tuseme imebeba motari, abiria wawili na gunia la mihogo. Uzito ukizidi, breki inafanya kazi kubwa zaidi, inapata moto, na mashine inasimama mbali kuliko motari alivyofikiri. Mwendo nao unaongeza hatari: ukikimbia mara mbili zaidi, umbali wa kusimama unakuwa karibu mara nne.

Kuna na jambo la mahali mzigo unapokaa. Chuma kirefu kinachopita nyuma ya gurudumu kinavuta mashine chini upande wa nyuma, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Hapo usukani hausikii vizuri. Na breki ya mbele, ile inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, inakosa mahali pa kushika. Mvua ikinyesha, na Kisangani mvua haikawii, kosa dogo linatosha.

Mabadiliko mengine ni ya meno ya nyuma, yale yanayovutwa na mnyororo. Ukitoa yenye meno 42 na kuweka ya 46, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 10, na inapanda mlima na mzigo bila kulia. Lakini mwendo wake wa juu unapungua, na kwa mwendo ule ule injini inazunguka zaidi. Haidhuru kama kazi ni ya mizigo. Kwa abiria wa mjini, ni kula mafuta bure.

Sheria hii si ya Kisangani tu. Huko Marekani, gari la Ford Mustang limeuzwa tangu Aprili 1964, na kuna aina isiyo na paa. Paa likitolewa, mwili wa gari unalegea, ndiyo maana kiwanda kinaongeza vyuma chini yake. Na mwenye gari kama hilo akitaka injini yenye nguvu zaidi, fundi mzuri anamuuliza kwanza juu ya breki na tairi. Gari la starehe na pikipiki ya kutafuta chakula zinafuata kanuni moja.

Tofauti iko kwa mfuko. Mara nyingi mwenye pikipiki Kisangani si yule anayeiendesha. Kijana analeta pesa kwa patroni kila jioni, kinachobaki njo chakula cha nyumbani. Chuma cha mizigo kinaleta franga siku ile ile. Breki mpya hailete kitu kinachoonekana. Patroni anasema ni kazi ya dereva, dereva anasema mashine si yangu, na breki inaendelea kuisha. Siku ya ajali, anayelipa ni abiria aliyekaa nyuma na mtoto wake.

Ni vizuri wawili hao wapatane mbele ya kazi kuanza: nani ananunua breki, nani tairi, na kila baada ya muda gani. Kwa fundi, wamuombe chuma kifupi, mzigo ukae katikati ya magurudumu mawili na si nyuma kabisa. Kila asubuhi motari aangalie pale palipochomelewa, juu ufa huanzia hapo, kisha ajaribu breki polepole mbele ya kupakia.

Abiria naye ana neno lake. Akiona wa tatu anapandishwa, anaweza kushuka na kungoja pikipiki nyingine.