Kelele za Barabara Kuu na Usingizi wa Askari

Ndugu askari, barabara kuu itokayo Mombasa hadi Kampala kupitia Jinja haina usiku. Malori huipita saa zote. Aliyekesha lindoni hulala mchana, nazo kelele ndizo adui wa usingizi wake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa Ulaya, lilishauri kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45.

Safu moja ya miti hupendeza macho, lakini haizuii sauti. Kinachoipunguza ni ukuta wa matofali usio na tundu, mrefu kiasi cha kuyaficha magari yasionekane dirishani. Chumba cha kulala kiwe upande wa nyuma, na nyufa za milango na madirisha zizibwe.

Nasi tuendeshao magari ya jeshi na polisi tusipige honi ovyo: nidhamu huanzia kwetu.